UZI: Bahasha, jumuiya na mazishi. Hivi kuwa mshirika wa kanisa ni kitu gani hasa?

mzee_wa_mtaa

Wakuu heshima kwenu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite asije akasema sikumwambia.

Kila mwisho wa mwaka bahasha mpya za sadaka zikianza kugawiwa makanisani inaibuka ile mada yetu ya siku zote, makanisa yamegeuka biashara, usipotoa hauzikwi, mchungaji ana gari wewe unagombania daladala. Alafu wanakuja wa upande wa pili na Malaki sura ya tatu, mmemwibia Mungu, hutaki kutoa ila kubarikiwa unataka. Tunatukanana weee mpaka modi anafunga uzi, mwakani tunaanza upya.

Mimi ni Mlutheri, KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania), nipo hapa Dar, ni mzee wa kanisa. Zamu yangu ikifika nakaa sakristia baada ya ibada, tunamwaga vikapu mezani tunahesabu, noti za elfu kumi huku, sarafu kule, bahasha zinafunguliwa moja moja mmoja anasoma mwingine anaandika. Kwaiyo naongelea kitu ninachokishika kwa mkono. Na msimamo wangu nautoa mapema: hawa wote wawili wamekubaliana jambo moja bila kujua, kwamba ushirika ni malipo, ila mmoja anadai na mwenzake anakataa kudaiwa. Mi naona ushirika ni kujulikana na kukubali kujulikana. Kuna watu wanajua upo, usipokuwepo wanashtuka, na wewe kwao hivyo hivyo. Hela inakuja humo ndani lakini sio yenyewe.

Kwa wasiojua, bahasha ya kwetu ina namba yako, jina lako, jumuiya unayosali (kile kikundi cha majirani wanaosali nyumba kwa nyumba), na sehemu za kujaza, ahadi, shukrani, fungu la kumi, jengo. Usharika (yaani kanisa la mahali, Wakatoliki wanaita parokia) ukiwa na ujenzi hiyo ya jengo ndio inapigiwa kelele mpaka matangazo yanakuwa marefu kuliko mahubiri (na kwenye hili wanaolalamika wana haki kabisa, mtu katoka Mbagala saa kumi na moja alfajiri kuja kusikia neno anasikilizishwa bei ya bati dakika arobaini). Zile namba zikishasomwa karani anaziingiza kwenye leja, siku hizi wengi kompyuta.

Sasa sikilizeni hapa kwenye leja maana ndio penyewe. Tuseme namba 214 ilikuwa inakuja kila Jumapili, ikaanza kuja mara moja kwa mwezi, alafu ikakata. Hapo kuna kitu. Kaachishwa kazi, anaumwa, nyumba imeingia moto, kahama, kakwazwa na mzee mwenzangu, au imani imeisha tu. Leja imeshasema, imebaki nani anaenda kupiga hodi kwa 214 na anaenda kusema nini. Wakienda mwinjilisti na mzee wa mtaa mikono mitupu, wakakaa, wakaulizia watoto, wakanywa na chai kama ipo, ile leja imefanya kazi ya uchungaji. Wakienda na orodha ya wasiomaliza ahadi ya jengo imefanya kazi ya mgambo wa jiji. Leja ni ile ile. Nimekaa kwenye vikao vya baraza la wazee ambapo jina la mtu linatajwa na kinachofuata ni tarakimu, hakuna anayesema huyu dada mbona mumewe alilazwa. Hapo kanisa limeshapoteza mtu hata kama hela bado inaingia.

Lakini na 214 naye tusimuonee huruma kupita kiasi. Kuna washarika tunawajua kwa namba tu. Anatuma kwa lipa namba kila mwezi, anatoa vizuri kunishinda mimi, ila jumuiya yake haimjui hata sura, mke wa jirani akifiwa hajui, akialikwa ibada ya nyumba kwa nyumba anasema nipo bize ntatuma. Alafu siku baba yake anafariki anashangaa kwanini waliokuja ni mchungaji, mwinjilisti na kina mama sita. Mkuu ulilipa, hukujulikana.

Matendo 2:42 wanasema wale wa kwanza walidumu katika fundisho la mitume, na ushirika, na kuumega mkate, na kusali. Habari ya kuuza mali na kugawana inafuata baada ya hapo, mstari wa 44 na 45. Sisi tumeanzia mwisho. Na kwa Walutheri wenzangu, Ungamo la Augsburg la 1530, lile tamko la imani yetu, kifungu cha saba linasema kanisa ni kusanyiko la watakatifu ambapo Injili inafundishwa kwa usahihi na sakramenti zinatolewa inavyopasa. Neno bahasha humo halimo, nimetafuta.

Na kingine tunachosahau ni kipaimara. Mtoto kasoma miaka miwili, kakariri Katekisimo Ndogo, siku ya siku kasimamishwa mbele ya usharika mzima akaulizwa kama atadumu katika imani hii, akajibu ndiyo kwa msaada wa Mungu. Hiyo ndiyo ahadi, neno lenyewe tumelihamishia kwenye bahasha. Ukimuuliza mzazi anakumbuka nini siku ile atakutajia suti, ukumbi, na ndafu ilikatwa saa ngapi. Jumapili mbili mbele kile kitoto hakionekani tena mpaka siku kinaleta barua ya uchumba.

Nimalizie na mazishi maana ndio hasira za watu zilipo. Sisi wa Kilimanjaro wengi tuna ushirika wa sehemu mbili, Dar tunasali, nyumbani tuna bahasha ya familia, mzee anaitunza, Desemba tukipanda tunaijazia. Mtu akifia Dar anasafirishwa, na usharika wa kule mlimani unauliza barua kutoka usharika aliokuwa anasali huku. Ndio vurugu inapoanzia, maana unakuta marehemu Dar alikuwa anazunguka, Jumapili hii hapa ile pale, hana mzee wa mtaa anayemjua, na kule nyumbani wanamjua wa Desemba tu. Barua aandike nani? Msidhani mlimani wanauliza kwa roho mbaya. Kanisa la kule lilijengwa juu ya majirani na ukoo tangu wamisionari wa Leipzig, Bruno Gutmann aliyekuwa Old Moshi (aliondoka 1938) alipanga usharika makusudi kufuata ukoo, ujirani na rika la waliobarikiwa (waliopata kipaimara) pamoja. Kwaiyo kwa wazee wale mtu asiye na anayemjua ni jambo halieleweki kabisa.

Haya karibuni, matusi hapana.

chalii_wa_ngarenaro

Mzee umeongea kistaarabu ila mi ntakuambia ukweli ulivyo huku chini. Bi mkubwa wangu alisali kanisa moja (silitaji) toka hajaolewa. Kwaya kaimba mpaka sauti ikaisha. Akaumwa figo, dayalisisi mara tatu kwa wiki, hela yote inaishia hospitali, bahasha zikalala pale juu ya kabati. Hakuna mzee wa mtaa alikuja. Hakuna mwinjilisti. Alivyofariki ndo wakaja, na mtu wa kwanza kufungua mdomo akauliza kadi yake iko wapi tuone michango. Mbele ya maiti jamaa. Mjomba alimshika shati. Mwishowe alizikwa na mchungaji ndio, ila baada ya sisi watoto kulipia nyuma, eti kusafisha kadi. Tukapewa na risiti kabisa, ninayo mpaka leo.

Sasa niambie kujulikana kupi. Walimjua miaka yote hiyo wakati anatoa.

mtoto_wa_kibosho

Pole sana chalii, hiyo inauma na haina utetezi.

Mi Mkatoliki ngoja niweke ya kwetu maana huwa tunasemwa sana kwenye hili la mazishi. Sheria ya Kanisa ya 1983 kanuni ya 1184 inataja wanaonyimwa mazishi ya kikanisa kama hawakuonyesha dalili ya toba kabla ya kufa: walioikana imani waziwazi, wazushi na waliojitenga na Kanisa, waliochagua kuchomwa mwili kwa sababu zinazopingana na imani, na wadhambi wa wazi ambao kuwazika kikanisa kutawakwaza waamini. Basi. Asiyelipa zaka hayupo kwenye hiyo orodha. Ni kweli kanuni ya 222 inasema waamini wana wajibu wa kusaidia mahitaji ya Kanisa, na kwenye Amri za Kanisa tulizokariri komunyo ya kwanza zaka imo, lakini wajibu ni kitu kimoja na kumnyima mtu mazishi ni kingine, na kukiwa na mashaka anaulizwa askofu, sio mwenyekiti wa kanda.

Ila uswahilini inavyokwenda mnajua. Paroko ana waamini maelfu, hawezi kumjua kila mtu, kwaiyo anamuuliza mwenyekiti wa jumuiya. Mwenyekiti akisema simjui, hapo ndio umekwama, na wenyeviti wengine wanatumia hiyo nafasi kukomoa watu waliogombana nao kwenye mambo ya mpaka wa kiwanja. Mimi sipingi jumuiya. Maaskofu wa AMECEA (umoja wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki) walipokutana Nairobi 1976 na kuzifanya Jumuiya Ndogo Ndogo kuwa njia ya kazi ya kichungaji ukanda huu waliona sahihi, parokia ni kubwa mno, watu kumi na tano wanaosoma Injili ya Dominika sebuleni kwa mtu watajuana hata kwa magonjwa. Kilichotokea ni kwamba jumuiya imekuwa dirisha la kupitishia karatasi. Barua ya ubatizo wa mtoto jumuiya, ya ndoa jumuiya, ya shule ya seminari jumuiya. Watu wanakuja Jumamosi asubuhi kusainiwa daftari la mahudhurio, wimbo wa kuanza wapo, tafakari ya Injili wanachezea simu, wimbo wa mwisho wameshavaa viatu.

sina_dhehebu

Hahaha na ndio maana mi nilishatoka huko. Yesu hakuniachia leja. Nina Biblia yangu, nina bando langu, Jumapili nafungua YouTube nachagua mhubiri ninayemwelewa, nikitaka sifa zipo, nikitaka mafundisho yapo, sadaka natuma moja kwa moja kwa yatima wa mtaani kwetu nawaona wanakula. Hakuna wa kuniuliza kadi. Wokovu ni wa mtu binafsi.

Na mkitaka mistari, Petro alimwambia Anania kwenye Matendo 5 kwamba kiwanja kilipokuwa kwako hakikuwa mali yako? Yaani hata kanisa la kwanza halikumlazimisha mtu. Kosa lake lilikuwa uongo.

mama_jumuiya

Nyie wanaume mnaongea vifungu tu hapa mimi nacheka. Mzee wa mtaa shikamoo, na hilo la 214 umesema kweli, ila mmeficha kitu. Nusu ya hao wanaume mnaowaita washarika ni washarika kwa bahasha ya mke. Anaandikwa Bwana na Bibi fulani, anayekwenda jumuiya ni Bibi, anayepika zamu ya wageni ni Bibi, anayekaa msibani siku nne analala kwenye mkeka ni Bibi, siku ya uchaguzi wa wazee wa kanisa anachaguliwa Bwana.

Mimi ni mtunza hazina wa jumuiya yetu, nakwambia sina_dhehebu mwanangu, mtu akifiwa kwetu hata mchungaji hajapata taarifa kina mama tumeshagawana, huyu sufuria kubwa, huyu kwenda kuulizia maturubai na viti, huyu kukaa na mfiwa asibaki peke yake na maswali ya mashemeji, huyu daftari la rambirambi maana likiachwa hovyo kesho ugomvi. Hatuangalii bahasha. Kuna kaka mmoja kapanga nyumba ya nyuma ya kwangu, hana kanisa lolote, alifiwa na mtoto mchanga saa nane usiku, tulikwenda sisi. Lakini nikuulize, wale wa YouTube wako watajuaje kama umefiwa?

Na chalii mwanangu pole. Mama yako alivyougua wenye kosa ni jumuiya kabla ya mchungaji. Mtu wa kwaya akikosa mazoezi wiki mbili mtu anatakiwa awe ameshafika. Hapo hakukuwa na jumuiya, kulikuwa na daftari.

sabato_njema

Wapendwa, naomba nichangie kutoka kwa Waadventista, sio kwa ajili ya kujisifu, kwetu nako madhaifu yapo.

Ushirika wetu unahama kwa barua. Ukihamia mji mwingine unamwambia karani wa kanisa jipya, anamwandikia karani wa ulikotoka, baraza la kule linapitisha, jina linasomwa mbele ya kanisa Sabato moja na linapigiwa kura Sabato inayofuata. Mpaka kanisa jipya nalo likupokee kwa kura, bado wewe ni wa kanisa la zamani, huwezi kuwa hewani. Kuondolewa ni hivyo hivyo, kura ya kanisa lote kwenye mkutano wa washiriki. Mchungaji peke yake hana mamlaka hayo na baraza la kanisa linapendekeza tu. Na mwongozo wetu unasema wazi kwamba mshiriki ana wajibu wa kusaidia kazi ya Mungu kwa kadiri awezavyo lakini asiondolewe kamwe kwa sababu ameshindwa au hakutoa. Zaka kwetu ni asilimia kumi na inafundishwa kwa nguvu sana, mtu akisikia hayo mafundisho anadhani asiyetoa anafukuzwa. Hafukuzwi. Ila ukweli ni kwamba asiyerudisha zaka uongozi hapati.

Tatizo letu ni vitabu. Unakuta kitabu kina majina mia sita na Sabato wanakaa watu mia mbili. Wengine wameshakufa, wengine wapo Mwanza, wengine wapo mtaa wa pili wameacha, na hakuna aliyewafuatilia maana kuwatafuta ni kazi na kufuta jina ni aibu.

yupo_hamburg

Wadau nawasoma kutoka Ujerumani, nyie mnalalamikia bahasha, huku ushirika ni kodi, na serikali ndio inakusanya. Ukifika unakwenda kujiandikisha ofisi ya mji, kwenye fomu kuna kipengele cha dini. Mimi kwa ushamba na furaha ya kuulizwa dini yangu nikajaza Mlutheri. Mshahara wa kwanza naona mstari siuelewi, namuuliza mwenzangu kazini, kodi ya kanisa hiyo. Ni asilimia 9 ya kile unachokatwa kodi ya mapato (sio ya mshahara wote, msichanganye), Bavaria na Baden-Württemberg ndio 8. Ukitaka kutoka hauendi kwa mchungaji, unakwenda serikalini, majimbo mengine ni mahakama ya wilaya mengine ofisi ya usajili, kwenye majimbo mengi unalipa na ada, unasaini, dakika kumi umeshatoka kanisani kisheria. Na Wakatoliki huku maaskofu walitoa tamko 2012, ukitoka namna hiyo sakramenti hakuna, usimamizi wa ubatizo hakuna, na mazishi ya kikanisa unaweza kunyimwa kama hukuonyesha kutubu.

Sasa kichekesho ni kwamba mimi nakatwa kila mwezi na parokia niliyoandikiwa haijawahi kuniona na mimi siijui mlango wake uko upande gani. Barua ya bahasha yenye picha ya mnara huwa inakuja Krismasi. Ninakosali ni na Waswahili wenzangu, tunakodi ukumbi mdogo wa kanisa mchana wakishamaliza wenyewe, Wakongo, Watanzania, Wakenya, Warundi, tenzi tunaimba Kiswahili kila mtu kwa lafudhi yake. Humo hakuna kodi wala kadi na ukikosa mara mbili simu zinaita mpaka unakasirika. Kwaiyo mzee wa mtaa nakuelewa sana. Nilipo na karatasi hawanijui, na wanaonijua hawana karatasi.

Na sijajitoa. Sijui kwanini, labda ni kipaimara.

chalii_wa_ngarenaro

Huyo wa Hamburg kanichekesha. Ila mzee wa mtaa hujanijibu.

mzee_wa_mtaa

Chalii nilikuwa natafuta namna ya kukujibu isiyokuwa ya kikao. Pole kwanza. Kulipia kadi ya marehemu ni kitu ambacho hakina andiko, hakina katiba ya kanisa lolote ninalolijua, na huyo aliyeuliza kadi mbele ya maiti angekuwa mzee mwenzangu ningetaka avuliwe. Mazishi sio zawadi ya marehemu kwa bahasha zake, marehemu hasikii, ile ni huduma kwa waliobaki. Sijui ilianzia wapi hii biashara ya kulipia nyuma, nadhani ilianza kwa mtu mmoja kutishia watu watoe, ikafanya kazi, ikawa utaratibu.

Ila naomba usikasirike nikikuambia kitu. Hiyo risiti umeitunza, na umesema bado unayo, nina hakika hakuna aliyewahi kuipeleka ngazi ya juu. Kwetu juu ya usharika kuna jimbo, juu ya jimbo kuna dayosisi na askofu, na makanisa mengi yana ngazi kama hizo. Mshirika ana haki ya kusimama kwenye mkutano mkuu wa usharika akauliza hela ya kusafisha kadi inaingia kifungu gani cha bajeti. Hakuna anayeuliza. Tunanung'unika kwenye mabenchi ya nyuma na humu jukwaani, alafu tunahama kimya kimya, yule mzee wa kadi anabaki anachaguliwa tena. Kudumu ambako Matendo inasema na huko kumo, kukaa ukabishana. Kuondoka ni rahisi sana Dar, unavuka barabara unakuta kanisa jingine linakupokea na makofi, wiki ya tatu una kadi mpya.

sina_dhehebu, la Anania umelisoma vizuri, naliunga mkono, hela ya kulazimishwa sio sadaka na Paulo kasema si kwa huzuni wala si kwa lazima. Lakini Anania alikuwa na watu wa kuwadanganya. Wewe bando lako likiisha hakuna wa kumdanganya wala wa kukugundua. Wokovu wa mtu binafsi sawa, ubatizo je, ulijibatiza? Meza ya Bwana unajimegea mwenyewe sebuleni? Hata wale Balokole wa uamsho uliotokea Gahini kule Rwanda miaka ya 1930 walioyasema makanisa yao kwa ukali kuliko wewe, wengi wao walibaki humo humo Waanglikana, na kitu chao kikubwa kilikuwa kukaa pamoja na kuungama dhambi mbele ya wenzao kwa majina. Hao walijuana mpaka basi.

Mama jumuiya marahaba, hilo la bahasha ya mke sina jibu, mke wangu kasoma hapa begani kasema amina kwa sauti.

mama_jumuiya

Msalimie sana mwenzangu. Na nimalizie la kwangu nililotaka kusema toka mwanzo. Kuna watu wanakaa nje ya meza ya Bwana miaka na miaka kwa sababu wanaishi bila ndoa, mahari haijakamilika, au mwanaume hataki tu. Mwanamke anatoa bahasha, anafagia kanisa, anapika, ila ushirika mtakatifu hashiriki, na yule bwana aliyekataa kufunga ndoa wala hajali maana kanisani haendi. Kila mwaka wanatangaziwa kurudi kundini, wajiandikishe, wafundishwe, ndoa zibarikiwe kwa pamoja bila gharama. Sio mbaya. Lakini namjua dada ambaye anajiandikisha kila mwaka na kila mwaka bwana anasafiri wiki hiyo. Huyo ni mshirika au sio mshirika? Wazee mjibu na hilo mkimaliza leja.

mzee_wa_mtaa

Kwangu mimi ni mshirika kuliko wengi. Kwa utaratibu wa kanisa hajakamilika, na sitadanganya kwamba baraza lingekubaliana na mimi, nimeshaona mjadala kama huo ukichukua saa mbili na kuishia kwenye "tuendelee kumwombea". Ninachoona ni kwamba mchungaji anatakiwa amfuate yule bwana nyumbani, usiku, bila kutangaza, badala ya kumsubiri huyo dada aje peke yake kujieleza kila mwaka.

mgeni_kimara

Samahani mzee kuingilia, mi nimehamia Kimara toka Iringa mwaka huu, ni KKKT, sijahamisha ushirika, nasali tu nakaa nyuma natoka. Uhamisho unafanyikaje na ni lazima nikarudi Iringa?

mzee_wa_mtaa

Karibu sana mdogo wangu. Huna haja ya kurudi. Piga simu kwa mzee wa mtaa wako wa zamani au parishi waka (mhudumu wa usharika) wa huko, waambie wakuandikie barua ya uhamisho, iwe na jina lako, lini ulibatizwa na kubarikiwa, kama una ndoa na watoto waandikwe, na isainiwe na mchungaji na kupigwa muhuri wa usharika. Wengi siku hizi wanaipiga picha wanakutumia wasap, nakala halisi unaitumia mtu anayekuja na basi. Unaipeleka ofisi ya usharika siku ya kazi, sio Jumapili mchungaji ana watu wengi. Kama kule una ahadi hujamalizia usiogope kuomba barua, hilo sio deni la benki, mwambie mchungaji ukweli.

Ila kabla ya barua fanya hivi. Jumapili hii ibada ikiisha usitoke haraka, subiri mnada wa vitu vilivyotolewa sadaka (kuna mama huwa analeta ndizi za Bukoba, chana moja inafika elfu thelathini watu wanacheka), muulize yeyote aliyesimama karibu jumuiya ya mtaa unaokaa inasalia kwa nani. Wakikuuliza unakaa wapi taja jina la mwenye nyumba wako, watakufikisha. Namba ya bahasha utapewa baadaye, karani wa kwetu mwenyewe kwa sasa yuko likizo.